Uzinduzi Rasmi wa Kiboko Lavender, Bwawa la Silanga

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Waziri, ambaye yuko njiani na amekuwa njiani tangu asubuhi; waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na makaimu wa wakurugenzi wasaidizi; chifu wetu na manaibu wake; wachungaji wa makanisa yote ya Kisumu Ndogo, pamoja na yale yaliyogawanyika wiki hii; wenyeji wa Kibera; wageni wetu wa heshima kutoka Kawangware, mliokuja kwa miguu mkiwa mmevaa fulana zenye picha ya mnyama; watu wa Riruta, ambao hatukuwaalika lakini tumewaona; wanahabari wa redio, wa televisheni na wa simu; na wewe mwenyewe, Lavender, kiboko wa kwanza wa jiji, unayenisikiliza kutoka majini kwa utulivu ambao sijawahi kuupata kwa mkutano wowote: hamjambo? (Umati: Hatujambo!) Hamjambo tena? (Umati, kwa uchovu: Hatujambo tena.) Itifaki imezingatiwa, na kama kuna cheo nimekisahau, mwenye cheo hicho ajihesabu ametajwa, apige makofi, aketi.

Mimi kwa majina kamili naitwa Daktari Mhandisi Boaz Mukhwana, Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Mpito ya Kuratibu Wanyama Wakubwa wa Mijini, mamlaka ambayo tangu ianzishwe haikuwahi kupata mnyama hata mmoja, na ambayo maadui wa maendeleo walikuwa wameshapanga kuivunja mwezi huu, wakagawana viti vyetu na hata kapeti, kabla Mungu hajatutumia Lavender. (Sauti: Wangevunja tu!) Nimekusikia, na nakusamehe kwa niaba ya serikali. Everlyne, msaidizi wangu, hebu niletee maji ya kunywa, koo limekauka na bado tuko kwenye utangulizi. (Everlyne: Hakuna maji, bosi.) Hakuna vipi? (Everlyne: Hakuna Silanga yote, bosi. Hata ofisini. Tangu ile mvua.) Sawa. Tutaendelea tukiwa wakavu, kama viongozi wengine waliojitolea.

Ndugu zangu, kwa wale ambao hawakuwa na bundles za intaneti, nitarudia historia. Ile mvua kubwa iliponyesha, mto ukafurika, maji yakavunja mabanda na kubeba vyombo vya watu, kijana wetu Tonny wa Kisumu Ndogo alikuwa ameketi juu ya paa la kinyozi akingoja mafuriko yapungue, ndipo akaona kitu cheusi, kinene, cha mviringo, kinachong'aa, kikielea katikati ya magugu ya bwawa hili, nusu juu, nusu chini, kikitoa mapovu na kupumua kwa sauti ya puuu, naye hapo hapo akatoa simu na kurekodi. Tonny, simama uwaambie maneno uliyosema. (Tonny: Nilisema, "Maze, cheki! Hiyo ni kiboko, na ni kubwa mbaya!" Shangwe, vuvuzela.) Hayo ndiyo tunayoita upembuzi yakinifu, feasibility study. Baada ya hapo wataalamu wangu waliitazama video hiyo ofisini, wakaitazama tena kwenye skrini kubwa, wakakubaliana kwa kauli moja kwamba skrini ni nzuri na kiboko ni kiboko.

Tangu hapo hatujalala. Lavender amekuwa kwenye habari za saa moja, habari za saa tatu, na habari za Kiluhya na Kijaluo asubuhi. Jina lake mlimpa nyinyi wenyewe kwa kura ya mtandaoni, kwa sababu, kama alivyoandika mwananchi mmoja, bwawa hili limekaa miaka mingi likihitaji kitu cha kunukia. Kwa mujibu wa takwimu zetu, ambazo nilizikamilisha jana nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, mapenzi ya jumla katika Kibera na Kawangware yameongezeka kwa asilimia mia tatu na nane, ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba umepungua kwa asilimia ambayo bado tunaitafuta, na katika kila watoto kumi waliozaliwa mwezi huu, sita wanaitwa Lavender, wakiwemo wavulana watatu. (Mwanamke, akiinua mtoto: Huyu ndio mmoja wao!) Mungu ambariki. Akikua atatuuliza maswali, lakini hiyo ni phase three.

Nisimsahau mama yetu Wagaki, mwenyekiti wa Lavender Fans, tawi la Kawangware, ambaye kila Jumamosi hufunga kibanda chake cha matunda akaleta tikiti maji, karoti na ndizi mbivu, akamrushia Lavender mpaka mkono ukamuuma. Kweli si kweli, Wagaki? (Wagaki: Kweli kabisa! Na hajawahi kula hata moja!) Hajawahi. Na wewe ulituandikia kwamba hali kwa nini? (Wagaki, sauti ikitetemeka: Ako na huzuni. Alitenganishwa na familia yake, kama sisi wengine tu. Mimi nikimwona naskia kama nimepata mtu.) Mmeona? Mwanamke ametoka Kawangware, amelia, na Lavender hata hajamgeukia. Huo ndio upendo usio na masharti, ndiyo maana nasema vile vita vya Jumapili iliyopita, pale watu wa Kawangware walipodai kiboko ni wa kwao kwa sababu alipitia kwao akielekea huku, na watu wa Kibera wakawajibu kwa mawe, havikuwa vita. Yalikuwa mashauriano ya wadau.

Sasa nije kwa ajenda. Leo, mbele ya mashahidi na mbele ya utepe huu mwekundu, nazindua Mpango Jumuishi wa Makao Endelevu ya Kiboko wa Mjini, mpango ambao hadi dakika hii ninaposimama hapa umekamilika kwa asilimia themanini na saba. (Sauti: Iko wapi?) Swali zuri. Kuna ukuta wa mawe kuzunguka bwawa lote, ambao hamuuoni kwa sababu ni wa kisasa. Kuna zahanati ya kiboko yenye daktari wa zamu. Kuna maranger wa kumlinda, kuna jukwaa la watalii, kuna choo cha watalii chenye maji ya bomba. (Kicheko kirefu. Sauti: Bomba gani?) Na kutakuwa na gari la kamba litakalopita angani kutoka Kawangware hadi hapa, ili wapenzi wa Lavender wasichakaze viatu. (Wagaki anasimama na kucheza.)

Ila upendo bila nidhamu ni fujo. Kwa hiyo, kuanzia ile siku video ilipotoka, na kuanzia leo kwa ukali zaidi, hakuna ruhusa kwa mtu yeyote kukanyaga maji ya bwawa hili, kuingia na mtumbwi, kuchokoa kwa mti, wala kutafuta kitu chochote kilichobebwa na mafuriko, kwa maana kiboko ni mnyama hatari, tena huyu ni mali ya umma. (Mwanamke amesimama mbele, ana ufunguo shingoni kwa uzi: Na tangi yangu je, mheshimiwa?) Nani huyo? (Umati: Ni Mama Kageha wa maji!) Aa, Mama Kageha. Kwa faida ya wageni, huyu ndiye aliyekuwa akituuzia maji kwa mitungi hapa Silanga, na mafuriko yalibeba tangi lake jeusi. Pole sana, mama. Keti.

(Kageha: Siketi. Nimekuja kwa ofisi yako kila siku, naambiwa ngoja. Tangi yangu iko ndani ya hiyo bwawa, niruhusu niingie niitafute. Hiyo ndio kazi yangu. Bila tangi mimi sina kitu, na hawa wote hawana maji.) Mama, nakuelewa kwa moyo wangu wote. (Kageha: Basi niruhusu!) Siwezi. Ukiingia utamshtua Lavender. (Umati: Usimsumbue Lavender! Kelele. Mtu anamrushia Kageha ganda la ndizi.) Tafadhali, tafadhali, tusimrushie mama maganda, hayo ni ya kiboko. Mama Kageha, suala lako limepokelewa, na nitaliundia taskforce, itakayokaa, itakayozunguka, itakayokusanya maoni yako na ya tangi, na kuleta ripoti. (Kageha: Taskforce itabeba maji na kichwa?) Tuendelee.

Nilikuwa nasema kuhusu mimi. Watu huniuliza, Daktari Mukhwana, umewezaje? Nami huwajibu kwa unyenyekevu kwamba ni vision. Mtu wa kawaida akitazama bwawa hili anaona magugu na mifuko ya plastiki. Mimi naona blue economy, uchumi wa buluu. Naona hoteli pale kwenye mboga za watu. Naona viongozi wa nchi za nje wakipiga picha na Lavender, na mimi katikati, na ile mamlaka iliyotaka kuvunjwa ikipanda kuwa wizara kamili, yenye bendera ndogo kwenye gari. (Upepo mkali. Hema linapepea. Kelele upande wa bwawa.) Msiogope, huo ni upepo tu, nao pia tuliualika. Nini tena? (Tonny: Bosi! Anakuja! Lavender anakuja huku!)

Mabibi na mabwana, hebu tulieni! Tulieni, msikimbie, maranger wako mahali! Wanahabari, hii ni historia, zungusheni kamera. Kiboko, kwa hiari yake mwenyewe, amesikia hotuba na sasa anasogea ufuoni kumsalimia mkurugenzi wake. Tazameni anavyoteleza. Hata hapigi miguu, hiyo ni ile spishi ya mjini. (Wagaki, akilia: Lavender! Mama amekuja! Umati unaimba jina.) Karibu, Lavender, karibu nyumbani. Anageuka. Anatuonyesha tumbo. Kile kinachong'aa pale chini ni, eee, ni kifaa cha satelaiti, tulimfunga ili tumfuatilie. (Tonny: Bosi, hiyo ni kufuli.) Ni kifaa cha satelaiti chenye umbo la kufuli. (Kageha: Ni kufuli yangu! Hiyo ni kufuli yangu na kile kisanduku cha chuma nilichochomelewa nifungie mfereji wa tangi usiibiwe maji!)

Mama, usiingie. Nimesema usiingie! Maranger, mzuieni! Maranger? Everlyne, maranger wako wapi? (Everlyne: Ni wale vijana wa kwaya, bosi. Wameenda kuona.) Mama Kageha, mnyama huyo ni hatari, atakumeza, serikali haitahusika! (Maji yanamfika Kageha magotini. Anashika kiboko sikio, ambalo ni mpini wa mfuniko. Anatoa ufunguo shingoni.) Wananchi, funikeni watoto macho. (Kufuli linafunguka. Mfereji unageuzwa. Maji yanatoka.)

Eee. Kama mnavyojionea, Lavender ananyonyesha.

(Kageha: Niliijaza nusu jioni ile kabla mvua ianze, na mfuniko ulikaza! Ya kunywa mngoje nioshe tangi, lakini hii ni ya kufua, leteni mitungi! Umati: Mitungi! Mitungi! Vijana wanaruka ndani ya bwawa kumsaidia kuvuta. Viti vinaanguka. Wagaki amebaki peke yake mbele ya jukwaa, ameshika tikiti maji: Sasa mimi nitampenda nani?) Wagaki, dada yangu, usilie. Na mimi pia nilimpenda. Sikutaka kusema, lakini kila asubuhi nilipita hapa kabla ya kuingia ofisini, nikamwangalia akielea pale, nikajiambia, huyu angalau ni wangu. (Wagaki: Hata wewe?) Hata mimi. Hebu nikatie kipande cha hilo tikiti, koo litanipasuka.

Ndugu zangu, naomba mrudi mketi, bado kuna kukata utepe. Nasema hivi, Lavender juu! (Umati, kutoka mbali: Laini! Pangeni laini!) Viboko na maendeleo! (Umati: Wewe, usiruke laini!) Silanga mbele! (Umati: Mbele ni wale wa watoto wadogo kwanza!) Ahsanteni kwa mwitikio huo.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi wa ukuta, ambaye hatukuwahi kumteua. Nawashukuru maranger, ambao ni kwaya, na kwaya, ambayo haikuimba. Namshukuru daktari wa kiboko, popote atakapozaliwa. Naushukuru ukuta, zahanati, choo cha watalii na gari la angani, kwa kubaki mawazoni mwangu kwa uaminifu mpaka leo bila kumsumbua mtu yeyote. Namshukuru Tonny kwa macho yake na Wagaki kwa moyo wake. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Kageha, kwa kuipa mamlaka yangu mnyama wake wa kwanza na wa pekee, na kwa kutukumbusha kwamba mnyama huyo ana mfereji. Uzinduzi nimeuahirisha hadi atakapopatikana kiboko mwingine, au mafuriko mengine, chochote kitakachotangulia. Mungu awabariki nyote. Everlyne, chukua ile mitungi miwili ya ofisi ukimbie ushike laini, kabla maji hayajaisha.

(Everlyne, kutoka kwenye laini: Nishashika, bosi! Lakini Mama Kageha anasema ya ofisi ingoje taskforce.)