Starta na Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Asubuhi vani imewaka mara moja. Adhuhuri imegoma. Ka! Kimya. Jioni ikawaka tena kana kwamba haijamkosea mtu. Kigeugeu kabisa! Mke amesema niipeleke kwa fundi umeme, maana Alhamisi mama yake anapasuliwa mtoto wa jicho, na nafasi hiyo hospitalini ameisubiri tangu mwaka jana. Hajamwona mjukuu wake vizuri tangu azaliwe. Nikamwambia mama nitampeleka mimi. Akasema mwanyumba amejitolea. Mwanyumba! Yule aliyemwoa dada yake, mwenye gari la kuwasha kwa kitufe, analifuta vumbi hata lisipokuwa na vumbi. Haiwezekani. Tatizo ni betri. Nina hakika.

Jumanne, 5 Machi
Si betri. Nimeazima ya jirani kinyozi, ile inayoendesha mashine yake umeme ukikatika. Nikaifunga. Ka! Wakati huohuo umeme ukakatika, na mteja akabaki na nusu ya nywele. Mteja mwenyewe ni mwalimu mkuu. Nimeomba radhi kwa mbali.
Nikahamia kwenye nyaya. Nimesugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa kama pete. Ka! Fundi umeme wa pale kona akapita, akauliza kama taa hufifia nikizungusha ufunguo. Hazififii. Basi umeme upo, akasema. Huenda makaa yanayopitisha umeme ndani ya starta, ile mota ya kuwashia injini, yamekwisha, nimpelekee ayabadilishe. Nimemshukuru. Fundi hakosi ugonjwa, mradi dawa anauza yeye.

Jumatano, 6 Machi
Nimeivumbua dawa! Nimejilaza chini ya vani, nikaigonga starta kwa mchi wa jikoni, mke akizungusha ufunguo huku amempakata mtoto. Ikanguruma! Kwa hiyo starta ni nzima. Imelala tu, inataka kuamshwa. Mke hakufurahi nami. Anasema mchi wake unanuka grisi.
Nimempigia mwanyumba simu asijisumbue kesho. Akajibu kwa upole kwamba hata hivyo atakuwa tayari. Upole wa namna hiyo unauma kuliko tusi.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu. Sijui nianzie wapi.
Mama ametoka amevaa gauni lake la sherehe, kama anakwenda kuposwa. Vani imewaka bila hata kugongwa. Njia nzima nilijisifu. Tukafika kwenye taa za barabarani, injini ikazimika. Ka! Nikachukua mchi, nikaingia chini ya gari na suruali yangu nzuri. Nani azungushe ufunguo? Tulikuwa wawili tu.
“Mama, zungusha ufunguo!”
“Uko wapi, mwanangu?”
Mtu tunampeleka kutibiwa macho! Akapapasa. Akapiga honi. Akawasha vifuta kioo. Akapiga honi tena, ndefu, na madereva wa nyuma wakamjibu. Nikamsikia anacheka peke yake huko juu. Hatimaye akaupata. Nikagonga, nikagonga, nikagonga. Starta imekufa, si usingizi tena.
Nikatoka chini nikiwa mweusi mpaka masikioni. Hospitali hawamngoji mtu. Nikampigia mwanyumba. Simu ikalia nyuma yangu. Alikuwa ameshashuka, gari lake likiwa magari machache tu nyuma yetu! Ametufuata tangu nyumbani. Akamfungulia mama mlango, akampeleka, wakawahi. Kisha akarudi na shati lake jeupe, tukasukuma vani pamoja mpaka kwa fundi. Shati halitatakata tena. Nilisema asante. Ilitoka ndogo kuliko nilivyokusudia.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi amefungua starta. Makaa yameliwa, yamebaki kama vipande vya kucha. Ameweka mapya, na sasa inawaka kwa kuguswa tu. Hakusema “nilikwambia”. Angesema, ningepata cha kumjibu.
Mama amefunguliwa bendeji. Akamshika mjukuu, akamtazama muda mrefu sana. Akasema kumbe pua ni ya baba yake, maskini mtoto. Kisha akanigeukia, akasema hakujua kama nimenenepa hivi, na kwamba hajapata kucheka kama alivyocheka jana tangu afiwe na mumewe. Nimetoka nje kuangalia oili ya injini. Nimekaa nayo kitambo. Oili haikuwa na tatizo lolote.

Jumapili, 10 Machi
Vani inawaka kama ndoto. Ila breki zimeanza kulia nikikanyaga. Mke ameniambia niirudishe kwa fundi. Fundi mwenyewe amezisikia toka ng'ambo ya barabara, akanipungia mkono nisimame. Nami nikampungia, nikapita. Watu wanapenda kukuza mambo! Kitu kikilia kinataka mafuta, hata bawaba ya mlango inalijua hilo. Nimezipaka ya kupikia, kijiko kizima kila gurudumu, na sasa kimya kabisa. Kesho nampeleka mama kliniki. Safari rahisi, njia ni mteremko mtupu.