Wasichana Watano Chini ya Khanga

Leo nimeumbuka, jamani, na hesabu yake nimepiga mwenyewe.

Mnajua nafundisha hesabu kidato cha sita hapa Karatu. Asubuhi tumepanda mpaka Mbulumbulu, mimi na baba mdogo aliyetoka Rombo, kupeleka posa kwa kina Paskalina. Mchumba wangu. Mwaka wa pili sasa.

Tumepokelewa vizuri. Chai, mahindi ya kuchemsha, salamu ndefu. Halafu shangazi yake akapiga makofi. Wakaingia wasichana watano, wamefunikwa khanga tangu utosini mpaka miguuni, wakajipanga mbele yetu.

"Mkwe," akasema shangazi, "mchumba wako umtoe mwenyewe. Unagusa wawili tu. Ukimkosa, posa tunaiweka pembeni kwanza."

Mtu mwingine angetazama. Mimi nikatoa kalamu. (Ndiyo, kalamu. Ukweni.) Nikaandika kiganjani: kuchagua wawili kati ya watano, bila kujali nani ametangulia, njia ni kumi. Zenye Paskalina ndani yake ni nne.

"Unafanya nini?" baba mdogo akaninong'oneza.

Nikamjibu kwa sauti ya darasani, maana nyingine sina. "Usijali, baba mdogo. Uwezekano wa kumpata ni asilimia arobaini."

Bibi mmoja akauliza, "Na hizo sitini ni za nani?"

Nikaenda kugusa. Nikaanza na wa pili kutoka kushoto. Khanga ikafunuliwa: mdogo wake, anacheka tayari. Nikagusa wa mwisho kulia. Huyo hakuwa hata msichana. Ni shangazi mwingine, mwenye wajukuu!

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mume wangu."

Watu hoi. Mimi nikaanza kuwaeleza, kwa utulivu kabisa, kwamba basi Paskalina yumo kati ya wale watatu waliobaki. Shangazi wa kwanza akainuka. Akafungua mlango wa jikoni.

Paskalina akatoka, uso wazi, gauni la kijani. Alikuwa huko tangu mwanzo, anasikiliza kila kitu. Kwenye wale watano hakuwemo. Uwezekano ulikuwa sifuri, na mimi sikuuliza.

Sasa, kwa msiomjua: Paskalina ananizidi kichwa kizima. Wale watano hakuna hata mmoja aliyenifika begani.

"Hata urefu hukuuona?" akaniuliza.

"Nilikuwa nagawanya."

Hapo ndipo nikaona aibu kwelikweli, maana wote walicheka isipokuwa yeye.

Shangazi akamgeukia. "Haya, na wewe, huyu unamtambua?"

Akanitazama muda mrefu. "Namtambua. Ni mwalimu wa hesabu."

Wazee wakajadiliana pale, wakakubaliana kwamba hiyo ni nusu ya ndiyo. Posa imebaki kwao, jibu limebaki kwake. Mimi nimeagizwa nirudi Jumamosi, mikono mitupu, bila hata kalamu, nikae naye kutwa nzima nikimtazama tu. Anayetaka kucheka, namwomba, asubiri kwanza nijibiwe.