Mchi Wangu Katika Filamu ya Jenny

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Shule sikuiona. Herufi hizi alinifundisha mjukuu wangu Jenny, uzeeni. Sasa anatengeneza filamu! Itaanza na mwanamke akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mwanamke ni mimi. Picha yangu pekee duniani ni ile ya kadi ya uchaguzi, nimenuna kama nimenyimwa chumvi. Nikifa wataiweka juu ya sanduku. Hapana! Nataka uso wangu uonekane, mkubwa, unacheka.

Jenny alisema nisiitazame kamera. Nikaitazama kidogo. Kisha nikaisalimia. Mara ya sita akamwita jirani, Mama Clotilde. Yule! Anatwanga kama anabembeleza paka.

Jumatano, tarehe 6

Picha za Clotilde zimekwisha, lakini mchi wake hausikiki. Jenny anataka sauti ya mchi wangu. Nimevaa kikwembe cha harusi. Poda. Jenny kacheka mpaka kakaa chini: weye nkambo, bibi yangu, leo hakuna kamera, ni mikrofoni tu! Akaomba nivue bangili yangu ya shaba, inalia. Nikamwambia aliisokota marehemu babu yake, avue yeye meno. Nikatwanga kwa hasira. Mwishoni alikuwa ananitazama mikono.

Jumapili, tarehe 10

Ukumbi wa parokia, madirisha yamefunikwa mablanketi. Nilikaa mbele ya Clotilde na kilemba kirefu, asione kitu.

Giza. Nikajua umeme umeenda, kama kawaida. Halafu: tu! kling. Tu! kling. Minye, ni mimi! Ukumbi mzima ukanong'ona: ni Mama Josée huyo. Na picha bado! Kifua changu kikawa ndicho kinu. Kisha mkono wa Clotilde, karibu kabisa, majani yanaruka. Kisha kamera ikapaa, ikapaa: uwanja, mitaa, vilima vya migodi, Likasi nzima chini, na mchi wangu bado unalia, kama ndio unaoamsha mji. Uso wa Clotilde ulipotokea, watu wakauliza huyu naye anafanya nini kwa Mama Josée. Nililia. Ee Mungu, kumbe mtu anaweza kujaza ukumbi bila kuonekana! Clotilde akanipitishia leso yake kando ya kilemba.

Jumatatu, tarehe 11

Jenny amekuja na kamera. Anasema: nkambo, kaa, nikupige picha yako peke yako, ukicheka. Nimemwambia baadaye. Nimesikia filamu ya pili itaanza na mlio wa mlango wa Clotilde. Natoka sasa hivi na chupa ya mafuta. Bawaba zile zitanyamaza!