Minazi Mingi ya Bi Kahonzi

Jumatatu, 8 Juni 1987
Kompyuta imefika! Chama chetu cha wakulima wa nazi, hapa Malindi, kimeipa chumba chake na feni yake. Mimi Musembi, karani hapa kwa miaka sita, sina hata dirisha. Meneja Dzombo asema atakayeingiza vizuri orodha ya wakulima wa Gede ndiye atakayekaa nayo daima. Tuko wawili, mimi na Monicah mpiga chapa. Maskini Monicah. Nimeshachagua pa kutundika koti langu.

Jumanne, 9 Juni
Gede. Nikamwamkia Bi Kahonzi shikamoo, nikamuuliza ana minazi mingapi. Akanitazama kama mwizi. Akasema mtu hahesabu mali yake mbele ya mgeni, atatiwa jicho. Niandike mingi, basi. Nikaandika. Jirani yake naye, mingi. Kufikia saa sita nina wakulima thelathini na mmoja, wote wana mingi. Kazi rahisi kweli!

Jumatano, 10 Juni
Mashine yakataa! Nikiandika MINGI kwenye safu ya minazi, inalia pii na kusema kwa Kiingereza kwamba aina hazilingani. Nikaandika MINGI SANA. Pii. Gitau, fundi aliyeileta, akanieleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Safu hii ni ya tarakimu, maneno haiyapokei. Nikitaka maneno, atanitengenezea safu nyingine. Nikitaka hii, nilete idadi. Nikasema nimeelewa. Wapi! Nilikuwa nasikiliza feni.

Monicah naye alikwama papo hapo. Amerudi Gede. Na jua hili! Mimi nimetumia akili. Kila penye mingi nimeweka 1000. Mashine kimya, imeridhika kabisa.

Alhamisi, 11 Juni
Nimemaliza wa kwanza! Meneja kanipongeza mbele ya watu, kisha akampa dereva orodha yangu agawe magunia matupu ya kutilia mbata, zile nazi zilizokaushwa, gunia moja kwa kila minazi kumi. Lori lilibeba magunia mia tatu. Likaishiwa kwa mkulima wa tatu. Nimeambiwa koti langu nisilitundike kwanza. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 12 Juni
Bi Kahonzi kaja mwenyewe. Ana minazi minne. Minne! Magunia mia yameziba mlango wake, akatokea dirishani. Sasa Gede nzima yasema ni tajiri aliyejificha, hata dada yake hamsalimu. Jicho lilelile alilolikimbia, nimempelekea kwa lori. Alilia, nami nikaona haya hata nikasahau kujitetea.

Monicah akaleta orodha yake. Hakuwauliza wenye minazi. Alimuuliza Nzai, mkwezi wao, anayelipwa kwa kila mnazi anaoukwea, hivyo anaijua yote. Tarakimu tupu. Mashine haikulia hata mara moja. Meneja akamvutia kiti.

Jumatatu, 15 Juni
Nimehamishiwa bohari. Bati juu, bati pembeni. Adhuhuri Monicah kaja, kwa adabu zake zote, kuuliza magunia yaliyorudi kutoka Gede ni mangapi, ayaingize kwenye mashine. Nikayatazama yalivyorundikana hadi darini. Nianze kuhesabu, na joto hili? Ni mengi, kila mwenye macho anaona. Nimemwandikia 1000.