Tanuru la Baba na Feni Yangu ya Bunda

Leo nimeaibika, tena mbele ya watu niliowaalika mwenyewe. Nawasimulia mapema kabla hamjaisikia habari hii stendi ya Kiabakari ikiwa imetiwa chumvi.

Baba yangu ni mhunzi. Alikuwaga anafua majembe na visu hapa nyumbani mpaka bega la kushoto likagoma. Nyundo bado anaimudu kwa mkono wa kulia. Mivukuto ya kupulizia moto ndiyo imemshinda, na bila upepo mkaa haukifanyi chuma kuwa chekundu. Juzijuzi akatangaza kwamba Jumatatu fuawe anayofulia chuma na nyundo vinaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Alisema akiangalia pembeni. Iliniuma.

Mimi binti yake ni fundi wa kuchomelea (na nina mdomo, mnanijua). Nikamwambia asiuze, upepo nitauleta. Nikapata mjini Bunda feni ya chuma yenye mota ya umeme, nikaiunga na bomba linalopita chini ya mkaa. Kila mchana nikawa naipima. Mwanzoni upepo ulikuwa hafifu, nikaweka bomba nene zaidi. Bado. Nikaongeza tena. Jana moto ukawa mzuri ajabu!

Leo nikamwalika Mzee Magesa, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, mtani mkubwa wa baba. Nilitaka shahidi. Akazima mashine yake, akaja na shati jeupe la kanisani. Wateja wake nao wakamfuata na madebe yao ya mahindi. (Nikafurahi umati umekuwa mkubwa. Ndiyo akili zangu.)

Mkaa ukashika. Nikatoa hotuba fupi kuhusu teknolojia. Nikabonyeza swichi.

Jamani! Feni ililia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Majivu yote yakapanda juu, vipande vya mkaa vikafuata, watu wakatawanyika na madebe yao. Mimi nilikuwa nimeinama nikionyesha bomba, nyusi zikaungua hapohapo. Nikachomoa waya. Kwenye tanuru halikubaki hata kaa moja.

Mzee Magesa kila siku huwa mweupe kwa unga, leo kwa majivu. Akauliza taratibu kama onyesho limeisha. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikuthubutu kumtazama baba. Nilishaiona fuawe yake kwenye mzani wa chuma chakavu.

Baba akaja, akaigusa feni, akaniuliza, "Mama, ulipokuwa unaipima, mashine ya Magesa ilikuwa inasaga?"

"Ilikuwa inasaga."

Sote tukamgeukia Mzee Magesa. Tuko laini moja ya umeme. Mashine yake ikinguruma, hata taa zetu zinafifia. Kumbe feni niliipima kwa umeme wa makombo! Leo imepata wote, maana aliyekuwa anaula nimemwita aje kuangalia.

Baba akaingia jikoni, akatoka na mfuniko wa sufuria ya mama. Akauweka kwenye tundu feni inapovutia hewa, akaacha upenyo wa vidole viwili. "Washa."

Mkaa mpya ukashika polepole, ukawa mwekundu mpaka katikati. Akausogeza mfuniko kidogo, akasikiliza, akasogeza tena. Kisha akaomba nyundo yake. Nusura nilie.

Kisu cha kwanza amempa Mzee Magesa kufidia shati. Mashine ikiwashwa, baba anafungua mfuniko, ikizimwa, anafunga. Fuawe haiendi popote.

Mkinikuta njiani, nisalimieni kama kawaida. Habari za nyusi msiulize.