Mtumiaji Hajulikani

Kwa Mkurugenzi,
Makumbusho ya Historia ya Mji.

Mheshimiwa,

Baada ya salamu, na pongezi kwa Jioni ya Familia ya Jumamosi, iliyofana mpaka watu wakakosa pa kukaa, naomba nikueleze habari za kiti kimoja ambacho hakikukaliwa na mtu. Kiko chumba cha pili, kimezungushiwa kamba. Kilikuwa cha marehemu mume wangu, kinyozi kwa miaka thelathini na minane. Nilikileta kwenu mwenyewe mwaka jana. Nimekikuta kina kibao: "Kiti cha daktari wa meno. Mtumiaji hajulikani."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu hakuwahi kung'oa jino la mtu. Aliwahi kukata sikio, mara moja, kidogo tu, na mwenye sikio aliendelea kuwa mteja.

2. Mkanda wa ngozi unaoning'inia ubavuni ni wa kunolea wembe. Mwongozaji wenu, dada mwenye sauti nzuri, aliwaambia watoto kwamba wagonjwa walifungwa nao wasikimbie. Watoto walifurahi sana. Nampongeza. Mimi siku zote nilidhani historia ni mambo yaliyotokea.

3. Ule ubao mliouita "meza ya koleo" mume wangu aliulaza juu ya mikono ya kiti, mtoto mdogo akaukalia ili afikie kioo. Mbele ya kiti kuna michubuko ya visigino vya binti zetu, ambao hawakupenda kunyolewa. Mjukuu wangu alininong'oneza, "Bibi, mbona wanamsingizia babu?" Nikamwambia anyamaze, hawa wamesoma.

4. Sasa hili la "hajulikani". Mume wangu aliitwa Taratibu, kwa sababu ukienda kwake kunyoa ilibidi umuage mkeo. Mji mzima ulimjua kwa hilo. Lakini kwa kuwa ofisi yako imethibitisha kwamba hajulikani, naomba barua yenye mhuri inieleze nilimpikia nani miaka yote hiyo, ni nani aliyekuwa akikoroma, na binti zangu watatu wamwandike nani penye jina la baba. Nami niwekewe kamba na kibao: "Mjane. Wa nani, utafiti unaendelea." Nitakaa kimya. Watoto wanaruhusiwa kunigusa.

5. La sivyo, nirudishiwe kiti kabla ya Jioni ya Familia ijayo. Mlango wangu ni mpana, na pale kilipokuwa sijaweka kitu kingine.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa mlinzi wa getini, aliyeniambia kwamba alinyolewa kwenye kiti hicho asubuhi ya harusi yake na akachelewa. Inaelekea hakuna aliyemuuliza.

Ni mimi, kwa heshima na subira,
Mjane wa Kinyozi.

N.B. Usitume gari kwanza. Nimeikumbuka fomu niliyojaza siku ya kukileta. Karani wenu alinipa kalamu, nikajibu yote, nikafika penye "Jina la marehemu". Nikamwambia hapo nitajaza kesho. Sikurudi. Kosa la meno ni lenu, la jina ni langu. Kiti kibaki huko, kwangu hakuna anayekiulizia. Andikeni: "Taratibu, kinyozi." Na lile neno marehemu, nafasi ikiwa ndogo, msiliandike.