Mapipa Dirishani kwa Mama

Jumatatu, 3 Juni
Baridi kali. Mama, aliyehamia kwetu mwezi uliopita, analalamikia magoti. Shemeji, kaka wa mke wangu, kajitolea kumletea hita ya umeme. Tena mbele ya watu! Nikamwambia jua lipo, la bure, linatusubiri dirishani. Akacheka. Atanikoma.

Jumanne, 4 Juni
Mama alipokwenda kliniki nikang'oa pazia la chumbani kwake, nikaupaka ukuta unaopigwa na jua rangi nyeusi tii. Nyeusi hunyonya joto. Mke wangu akauliza kama mwenye chumba kaulizwa. Nikasema zawadi haiombewi ruhusa. Mama akarudi, akasimama mlangoni, akauliza nani amefariki.

Jumatano, 5 Juni
Saa tisa alasiri, chumba moto! Nimempigia Shemeji simu kumringia.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi, baridi ileile. Kumbe joto linahitaji pa kulala. Nimepanga mapipa matatu meusi ya maji dirishani: mchana yanywe jua, usiku yalitoe. Mama akasema sasa haoni barabara. Nikamjibu kwamba barabarani hakuna cha maana.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu kanivuta kando. Kumbe kila asubuhi fundi cherehani wa jirani husimama pale dirishani, akapiga soga na Mama hadi saa nne. Ndiye rafiki yake pekee huku. Tangu jana Mama hajaongea na mtu. Naishi naye nyumba moja, sikujua!
Nikakimbilia kuyaondoa mapipa. La katikati likaniponyoka. Godoro, blanketi, viatu vya Mama, vyote chapachapa. Hakunigombeza. Alianza kukunja nguo zake na kuzitia begini. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 8 Juni
Dada yangu kaja kumchukua. Shemeji kabeba mabegi, hata hakucheka. Hilo limeniuma zaidi. Alasiri chumba kilipata joto zuri. Nilikaa humo peke yangu.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwenda kwa dada kuomba radhi. Njia nzima nilikariri: nisamehe, Mama, sikukusikiliza. Nikamkuta barazani anaota jua, anacheka na majirani. Akanishika mkono, akauliza kama nimekula. Nikafungua mdomo, nikajisikia namwuliza dada kama baraza lile haliwezi kuzibwa kwa vioo pande zote.
Dada hajajibu bado. Fundi vioo nimeshamwita, kesho saa mbili.